VPN ya FortiGate inakatika na sslvpnd inaanguka: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mtandao mwenye ngome (wengi tunaiita faiawoli) ya FortiGate, inayotengenezwa na kampuni ya Fortinet, mlangoni mwa ofisi yake, ambaye amewasha huduma ya SSL-VPN ili wafanyakazi waingie wakiwa nyumbani au safarini, na sasa anaona jambo asilolielewa: watumiaji wanakatika kwa pamoja, logi zina mistari ya ajabu, au kifaa kinawasiliana na anwani ambayo hakuna mtu ofisini anayeijua. Nimejikita kwenye kifaa hiki kwa sababu kati ya Desemba 2022 na Februari 2024 yalitangazwa makosa matatu ya memori, yote ndani ya mchakato mmoja unaoitwa sslvpnd, na yote matatu yanampa mtu asiye na akaunti wala nywila uwezo wa kuendesha amri zake ndani ya ngome yenyewe. Namba zake katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu (CVE) ni CVE-2022-42475, CVE-2023-27997 na CVE-2024-21762. Msimamizi asiyeyajua makosa haya atatafuta chanzo kwenye waya, kwa kampuni ya intaneti na kwenye kompyuta za watumiaji, na anaweza kumaliza wiki nzima bila kufika mahali tatizo lilipo.

Kabla ya kugusa chochote

Usiwashe upya kifaa, na usifute crashlog, yaani logi ambayo kifaa huandika mchakato unapoanguka. Naliweka hili mbele ya mengine yote kwa sababu ndilo kosa linalofanywa mara nyingi zaidi, tena na mafundi wazuri. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako VPN ilikuwa ikikatika karibu kila alfajiri, nikamkuta fundi wa zamu ameshaendesha amri ya kufuta crashlog mara mbili na kukizima kifaa mara tatu, akiamini kwamba anakisaidia kipumue. Hakuwa mzembe hata kidogo, kwani alifuata mazoea tuliyofundishwa sote kwamba kifaa kikisumbua huzimwa na kuwashwa. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wa shambulio la memori hukaa kwenye memori hiyohiyo, na kifaa kikizimwa unapotea wote. Kilichobaki kwetu siku ile kilikuwa simulizi ya fundi tu.

Fungua konsoli, washa uhifadhi wa kipindi katika programu unayotumia ili kila kinachoonekana kwenye skrini kiandikwe kwenye faili, kisha endesha amri hizi kwa utaratibu: get system status, diagnose debug crashlog read, diagnose sys top na get vpn ssl monitor. Chukua nakala ya usanidi, na nakili logi zote nje ya kifaa. Andika pia saa ya kifaa na saa ya simu yako wakati huohuo. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, na nimeona watu wakibishana siku nzima juu ya tukio la saa nane usiku ambalo kwa kweli lilitokea saa kumi na moja alfajiri, eti kwa sababu kifaa kimoja kiliandika UTC na seva ya logi ikaandika saa ya hapa.

Watumiaji wote wa VPN wanakatika kwa mara moja, kisha wanarudi

Dalili hii ina vyanzo vitatu vya kawaida, na viwili kati yake havina uhusiano wowote na uvamizi.

Cha kwanza ni laini ya intaneti. Kama wakati huohuo watu walio ofisini nao walipoteza intaneti, au mahandaki ya IPsec (aina nyingine ya VPN) yanayounganisha matawi yalianguka pamoja na SSL-VPN, basi chanzo kiko nje ya mchakato wa sslvpnd. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kushika, swichi iliyoko kati ya ngome na laini hujiwasha upya hata kama ngome yenyewe iko kwenye UPS, na kwa mtumiaji wa mbali matokeo ni yaleyale.

Cha pili ni upungufu wa memori. FortiGate ina hali ya kujihami inayoitwa conserve mode, ambayo kwa mipangilio ya kawaida huanza memori inapofikia asilimia 88, huisha inaposhuka chini ya asilimia 82, na ikifika asilimia 95 kifaa huanza kukataa miunganisho mipya. Amri ya diagnose hardware sysinfo conserve itakuonyesha hali ilivyo sasa, na crashlog itaonyesha kama kifaa kiliwahi kuingia humo. Vifaa vidogo vyenye memori ya gigabaiti 2 vinavyobeba ukaguzi wa virusi, uchujaji wa tovuti na VPN kwa pamoja hufika huko bila msaada wa mvamizi yeyote. Katika hali hii mchakato ukiuawa ili kuokoa memori, alama yake huwa signal 9, na ukijisitisha wenyewe baada ya kugundua kasoro huwa signal 6.

Cha tatu ndicho kinachotuhusu hapa. Laini iko sawa, IPsec haijatetereka, memori haijajaa, lakini mchakato wa sslvpnd umekufa ghafla na mchakato msimamizi ukauanzisha upya. Watumiaji wote waliokuwa ndani hutupwa nje kwa pamoja na wanapojaribu tena hufanikiwa. Ukisoma crashlog utakuta mistari yenye jina sslvpnd, toleo la FortiOS (mfumo endeshi wa FortiGate), maneno ya signal 11 na orodha ya anwani za memori. Kwenye logi za matukio mstari wake huonekana hivi, baada ya kupunguza yasiyohitajika:

Logdesc="Application crashed" msg="... application:sslvpnd, ... Signal 11 received, Backtrace: ..."

Huu ndio mstari ambao Fortinet wenyewe waliuweka kwenye tangazo lao la 12 Desemba 2022 kama alama ya kwanza ya kutafuta. Ukiupata, acha kufikiria laini ya intaneti.

Signal 11 inasema nini

Signal 11 maana yake ni kwamba programu ilijaribu kusoma au kuandika sehemu ya memori isiyokuwa yake, na mfumo ukaiua papo hapo. Hitilafu ya kawaida ya uandishi wa programu inaweza kuleta jambo hilo, na kwa hiyo mstari mmoja peke yake hauthibitishi uvamizi. Hata hivyo mchakato huu unapokea maombi kutoka kwa yeyote duniani, na unayashughulikia kabla hajajitambulisha. Ndiyo maana mimi hulipokea anguko lake kama tuhuma hadi nithibitishe vinginevyo, huku anguko la mchakato wa ndani wa ripoti nikilipokea kama usumbufu.

Ili uelewe kwa nini, tuangalie kosa la kwanza kwa karibu. Mtu anapotuma data kwenye ukurasa wa VPN, kompyuta yake hutanguliza namba inayosema data hiyo ina urefu wa baiti ngapi. Programu husoma namba hiyo, hutenga memori ya kutosha, kisha huimimina data ndani yake. Katika CVE-2022-42475 namba ilipokewa kwa upana wa biti 64, lakini hesabu ya nafasi ya kutenga ikafanywa kwa biti 32. Biti 32 haziwezi kubeba zaidi ya 4,294,967,295, na namba ikizidi hapo huanza tena kwenye sifuri, kama saa ya ukutani inavyotoka kumi na mbili na kurudi moja. Sasa mvamizi akitangaza kwamba analeta baiti 4,294,967,396, hesabu ya biti 32 inabakiwa na 100, programu inaongeza moja na kutenga baiti 101. Wakati wa kumimina, lakini, programu inatumia ile namba kubwa ya mwanzo, hivyo haioni sababu ya kusimama baada ya baiti 101. Ni kama karani aliyeandikiwa magunia mengi, akafungua chumba cha debe moja, halafu akaendelea kupokea mizigo mpaka ikamwagika kwenye vyumba vya majirani.

Majirani hao ndio kiini cha hatari. Pembeni ya nafasi ile ndogo hukaa data za miunganisho mingine, na ndani ya data hizo mna vielekezi, yaani anwani zinazoiambia programu iende wapi kutekeleza kazi inayofuata. Mvamizi akifunika kielekezi kwa takataka, programu inaruka mahali pasipokuwepo na kufa kwa signal 11. Akikifunika kwa anwani aliyoichagua, programu inakwenda anakotaka yeye, ikiwa na madaraka yote ya mchakato huo.

Hapo utaona kwamba anguko mara nyingi ni jaribio lililokosea. Mvamizi anakisia mpangilio wa memori ya kifaa ambacho hakioni, na kila anapokosea sslvpnd inaanguka na kuinuka tena, naye anarudia. Kwa hiyo mfululizo wa maanguko matano au kumi ndani ya saa chache, kisha ukimya, unapaswa kukutia wasiwasi kuliko maanguko yaliyotawanyika miezi mitatu. Ukimya baada ya mfululizo unaweza kumaanisha kwamba amechoka. Unaweza pia kumaanisha kwamba amepata.

Kosa la pili, CVE-2023-27997, liligunduliwa na Charles Fol na Dany Bach wa kampuni ya Lexfo ya Ufaransa na kutangazwa Juni 2023. Liko kwenye kigezo kiitwacho enc, ambacho huja kama maandishi ya heksadesimali, yaani kila baiti moja huandikwa kwa herufi mbili. Ndani yake mtumaji hutaja urefu wa data. Programu iliulinganisha urefu huo na urefu wa maandishi yote badala ya nusu yake, ikasahau kwamba baada ya kufumbuliwa data hubaki nusu. Hivyo urefu wa uongo ulipita ukaguzi, na shughuli ya kufumbua ikaendelea kubadilisha baiti za jirani. La tatu, CVE-2024-21762, lililotangazwa 8 Februari 2024, nalo ni uandishi nje ya mipaka, safari hii katika kushughulikia maombi ya HTTP yanayotumwa kwa vipande. Dalili ya nje inafanana kwa yote matatu, na huhitaji kutambua ni lipi hasa ili uanze kuchukua hatua. Unachohitaji ni toleo lako.

Toleo lako lilikuwa wazi kwa muda gani

Swali ambalo wengi hujiuliza ni kama toleo walilo nalo leo liko salama. Swali lenye manufaa zaidi ni kifaa kilikuwa na toleo gani katika kila kipindi, na SSL-VPN ilikuwa imewashwa siku zipi.

Kwenye tawi la 7.2, makosa yale matatu yalizibwa kwa mfuatano katika 7.2.3, 7.2.5 na 7.2.7. Kwenye tawi la 7.0 ni 7.0.9, 7.0.12 na 7.0.14, na kwenye 6.4 ni 6.4.11, 6.4.13 na 6.4.15. Aliye kwenye tawi la 7.4 anahitaji kuwa amefika angalau 7.4.3. Chukua kumbukumbu za matengenezo za ofisi yako, au tarehe za faili za nakala za usanidi, ambazo juu kabisa huandika toleo lililokuwa likitumika, uchore mstari wa wakati. Kama Novemba 2022 ulikuwa kwenye 7.0.8 na SSL-VPN ikiwa wazi kwa dunia nzima, basi ulikuwa na mwanya ambao wavamizi walikuwa wakiutumia kabla haujatangazwa.

Hili limethibitishwa. Kampuni ya usalama wa mitandao ya Mandiant iliandika Januari 2023 kwamba iliona dalili za kosa la kwanza kutumiwa tangu Oktoba 2022, na miongoni mwa walengwa iliowataja ni taasisi ya serikali huko Ulaya na kampuni ya kutoa huduma za mitandao iliyoko barani Afrika. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye hilo la pili. Tumezoea kujiambia kwamba mashambulio ya namna hii ni ya wakubwa wa ng'ambo, kumbe katika orodha fupi kabisa ya mwanzo bara letu lilikuwemo, tena kupitia kampuni ya aina ambayo mabenki na ofisi nyingi huku kwetu huikabidhi funguo zao zote. Kama ngome yako inasimamiwa na kampuni kama hiyo, mstari wa wakati unaouchora unapaswa kuhusisha vifaa vya kampuni hiyo pia, na una haki ya kuuliza.

Idara ya ujasusi wa kijeshi ya Uholanzi, MIVD, ilitangaza Juni 2024 kwamba kampeni moja tu iliyotumia kosa hilohilo iliingia kwenye vifaa vya FortiGate visivyopungua 20,000 duniani katika miezi michache ya 2022 na 2023, na kwamba 14,000 kati ya hivyo vilivamiwa wakati mtengenezaji alikuwa bado hajatangaza udhaifu huo. Walioathirika katika kipindi hicho hawakuwa na kiraka (sasisho la kuziba udhaifu) cha kuweka hata kama wangekesha.

Logi zina mapengo, au zimenyamaza wakati kazi inaendelea

Ukikuta logi za matukio zinaruka kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja usiku huku grafu ya laini ikionyesha data ikipita, angalia kwanza mambo mepesi: diski ya kifaa imejaa, au kifaa hakina diski na huhifadhi logi kwenye memori, ambako za zamani hufutwa na mpya. Hali hizi mbili hufuta logi kuanzia za zamani zaidi. Hazichomoi mstari mmoja katikati.

Uchambuzi ambao Fortinet waliutoa Januari 2023 ulieleza programu hasidi iliyokuwa ikifanya hivyo hasa. Ilikuwa ikizitafuta faili za logi za matukio, ikizifungua kutoka kwenye hali ya kubanwa ndani ya memori, ikitafuta maneno iliyoelekezwa na mvamizi, ikiyaondoa, kisha ikiziunda upya. Iliweza pia kuingilia mchakato wa miglogd, unaoandika logi, ukawa hai kwa jina tu. Kwa hiyo kutokuwepo kwa signal 11 kwenye logi za kifaa hakukusafishi.

Njia ya kupima ni kulinganisha. Kama umekuwa ukituma logi kwenye seva ya nje ya syslog (inayopokea na kutunza logi za vifaa), chukua saa moja uliyoitilia shaka na uhesabu mistari upande huu na upande ule. Mstari ulioko kwenye seva na haupo kwenye kifaa umefutwa na mtu. Na kama hukuwa na seva ya nje, basi huna cha kulinganisha, na nakuomba ukubali hivyo waziwazi mbele ya wakubwa wako badala ya kuandika kwamba hakuna ushahidi wa uvamizi. Sentensi hiyo itasomwa kama kwamba ulitafuta mahali penye ushahidi ukaukosa.

Faili zisizokuwa na mwenyewe

Amri ya diagnose sys last-modified-files /data/lib itaorodhesha faili zilizobadilishwa karibuni kwenye folda hiyo. Katika tangazo la CVE-2022-42475 yalitajwa majina kadhaa, na manne kati yake ni libips.bak, libgif.so, libiptcp.so na libjepg.so. Rudia kulisoma hilo la mwisho polepole. Kila mtu anaijua picha ya jpeg, na jicho lililochoka saa saba usiku litapita juu ya jepg bila kusita. Waliolitunga jina hilo walijua linakwenda kusomwa na mtu wa aina gani na katika hali gani. Pia yalitajwa /data/etc/wxd.conf na /var/.sslvpnconfigbk, ambalo linaanza na nukta ili lisionekane kwenye orodha ya kawaida.

Ukiipata mojawapo, usiifute. Iandike jina, ukubwa na tarehe, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kusafisha hapa chini, na uwaarifu wanaohusika na matukio ya mitandao nchini kwako, kama TZ-CERT kwa Tanzania au KE-CIRT kwa Kenya. Usipoipata, umeondoa uwezekano mmoja tu, kwa sababu majina hayo yalitangazwa hadharani na yeyote anayevamia leo ameshayabadilisha.

Ngome inaanzisha mawasiliano yenyewe

FortiGate kwa kawaida ina sababu chache za kuanzisha mazungumzo na intaneti: kuchukua sasisho na orodha za FortiGuard (huduma ya Fortinet ya taarifa za vitisho), kuuliza saa, kuuliza DNS, na kutuma logi kama umeielekeza nje. Ukiona inaanzisha muunganisho wa TCP kuelekea seva ya kukodi katika nchi ambayo huna biashara nayo, kwenye poti isiyo ya kawaida, hapo huna chanzo kingine cha kutafuta. Tatizo ni kwamba trafiki ya ngome yenyewe haipiti kwenye sera unazozisoma kila siku. Hukaa kwenye logi za trafiki ya ndani ya kifaa, ambazo wengi wetu tumezizima kwa sababu hujaza nafasi. Mahali pazuri zaidi pa kuangalia ni nje ya kifaa, kwenye ruta iliyo mbele yake au kwa kuomba takwimu za mtiririko kutoka kwa mtoa huduma wako, kwani kifaa kilichovamiwa kinaweza kukuficha kile kinachofanya.

Umesasisha, lakini dalili zimebaki

Hapa ndipo ninapotaka nieleweke vizuri kuliko mahali pengine pote. Kiraka huziba tundu ambalo mwizi alipitia. Hakimtoi mwizi aliye chumbani.

Februari 2024 Uholanzi ilieleza hadharani juu ya programu hasidi iliyoipa jina COATHANGER, iliyokutwa mwaka 2023 kwenye FortiGate ya mtandao mdogo wa utafiti wa Wizara yake ya Ulinzi, wenye watumiaji wasiozidi 50. Iliingia kupitia CVE-2022-42475. Ilikuwa ikijificha kwa kuingilia miito ya mfumo ambayo ingeweza kuifichua, na ikijirudisha kila kifaa kilipowashwa upya kwa kupandikiza nakala yake katika mchakato unaoshughulikia kuwasha upya. Ilivuka hata kusasisha toleo. Uharibifu ulikuwa mdogo kwa sababu moja tu iliyotajwa: mtandao ule ulikuwa umetengwa na mitandao mingine ya wizara.

Miezi 14 baadaye, Aprili 2025, Fortinet nao walitangaza mbinu nyingine nyepesi kuliko hiyo. Wavamizi walioingia kupitia makosa yale matatu waliacha faili kiungo ndani ya folda ya faili za lugha za SSL-VPN, inayounganisha sehemu ya mtumiaji na mzizi wa mfumo. Msimamizi akasasisha, tundu likazibwa, lakini kiungo kikabaki, na kupitia kurasa za lugha mvamizi aliendelea kusoma faili za kifaa, pamoja na usanidi. Matoleo ya 7.6.2, 7.4.7, 7.2.11, 7.0.17 na 6.4.16 hukiondoa kiungo hicho. Aliyesimama kwenye 7.2.7 akijua ameziba makosa yote matatu alikuwa amesema kweli, na bado usanidi wake ulikuwa ukisomeka.

Kwa hiyo, kama mstari wako wa wakati unaonyesha kipindi cha uwazi pamoja na dalili yoyote kati ya zilizotangulia, safisha hivi. Kitoe kifaa kwenye mtandao. Ukishahifadhi ushahidi, fomati kumbukumbu ya kudumu kupitia menyu ya kuwashia kwenye konsoli, upakie toleo jipya kutoka faili uliyoipakua mwenyewe na kuihakiki kwa namba ya uhakiki iliyotolewa na mtengenezaji. Rudisha usanidi wa kabla ya kipindi cha uwazi, au, kama hauna, usome ule wa sasa mstari kwa mstari ukitafuta wasimamizi wasiojulikana, akaunti za VPN zilizoongezwa na sera zisizo na maelezo. Kazi hii huchukua siku nzima kwa ofisi ya wastani, na haina njia ya mkato.

Nywila za ofisi zinatumika mahali ambapo hazikupaswa kutumika

Dalili hii mara nyingi hutokea kwenye seva ya Windows, na kwa hiyo humfikia mtu mwingine kabisa, ambaye hafikirii ngome. Akaunti inayotumiwa na FortiGate kuuliza LDAP (orodha ya watumiaji wa ofisi) inaonekana ikiingia kwenye seva ya faili usiku. Microsoft, ilipoandika Mei 2023 juu ya kundi la wavamizi la Volt Typhoon, ilieleza njia hiihii: waliingia kupitia vifaa vya Fortinet, wakatoa humo siri za akaunti ya Active Directory (orodha ya watumiaji ya Windows) iliyokuwa ikitumiwa na kifaa, wakaendelea nazo ndani ya mtandao.

Kila siri iliyokaa ndani ya ngome ihesabiwe kuwa imesomwa: nywila za wasimamizi, akaunti ya LDAP, ufunguo wa RADIUS (seva ya kuthibitisha watumiaji), funguo za pamoja za IPsec, vyeti pamoja na funguo zake binafsi, na nywila za watumiaji wote waliopitia VPN katika kipindi kile. Zibadilishe baada ya kufomati. Ukizibadilisha kabla, unampa mvamizi aliye ndani nywila mpya. Na akaunti ya LDAP iwe ya kusoma tu. Kuipa madaraka ya msimamizi wa kikoa, jambo ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, ni kuyakabidhi madaraka hayo kwa kila atakayeivunja ngome.

Ukiwa huwezi kusasisha leo

Zima SSL-VPN. Kwenye matoleo ya karibuni ni amri mbili, config vpn ssl settings kisha set status disable. Kuzima ukurasa wa wavuti peke yake na kuacha handaki hakutoshi, na tangazo la CVE-2024-21762 lilisema hivyo bila kuzunguka. Uthibitisho wa hatua mbili ni jambo jema, lakini hausaidii hapa, kwa kuwa makosa haya hutokea kabla ya mtu kuulizwa jina lake. Kuzuia nchi kadhaa kwa anwani zake hupunguza kelele, ingawa mvamizi hukodi seva katika nchi unayoiruhusu.

Watumiaji watalalamika, na wakubwa watauliza kwa nini wamefungiwa nje. Waeleze kwa lugha yao, uwape tarehe ya kurudi, na utumie muda huo kuhamia IPsec, kwani Fortinet wenyewe wameondoa handaki la SSL-VPN kuanzia toleo la 7.6.3.

Huduma ikisharudi, weka kwenye seva ya syslog onyo linalotuma ujumbe kwenye simu ya mtu wa zamu kila maneno Application crashed yanapotokea pamoja na jina sslvpnd, kisha lijaribu onyo hilo siku hiyohiyo kwa kutuma mstari wa mfano, ili uone kama simu inalia.